Hilux ya 1998 imekosa nguvu mlimani, fundi anataka kutoa masega. Nikubali?

#1 Mbuyuni_Kwetu
Wakuu salaam. Nina Hilux dabo kebini ya 1998, imetoka Japani, injini 3RZ ya petroli, gia za mkono. Kazi yake ni vitunguu, natoa Ruaha Mbuyuni napandisha Iringa, ikirudi inabeba mbao au chochote kitakachopatikana.

Tangu msimu uliopita imechoka. Tambarare haina shida, ila ikifika Kitonga na mzigo ni gia ya pili mpaka juu. Ukikanyaga zaidi hakibadiliki kitu, inaunguruma tu bila kusogea. Zamani mlima huohuo, mzigo huohuo, gia ya tatu ilikuwa inatosha sehemu kubwa. Na mafuta sasa inakunywa.

Fundi kalala chini, kagonga boksi la masega (katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi) kwa mpini wa bisibisi, kasema limeziba. Anataka tukate tuweke bomba tupu, halafu masega atayanunua yeye. Hapo ndipo nikasita. Je, masega yanaweza kweli kuua nguvu kiasi hicho? Nikiyatoa injini itapata madhara? Taa ya injini haitanisumbua?

#2 SpanaKumi
Toa. Nimetoa kwenye gari nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka na hakuna iliyorudi kulalamika. Gari ya miaka zaidi ya 25, yale masega yalishakufa kitambo, sasa hivi ni kizibo tu kwenye ekzosi. Bomba tupu, injini inapumua, unapanda Kitonga unapiga mluzi.

#3 Tairi_Kipara
Nakaa hapa mbele. Yangu nayo ina dalili hizohizo.

#4 Mlimani_Kemia
Mkuu Mbuyuni, kabla hujakata, jua unakata nini.

Ndani ya lile boksi kuna tofali la kauri lenye matundu membamba mamia kwa mamia. Kuta za matundu zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, kiasi cha gramu chache tu kwa gari zima. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi inageuzwa kaboni dayoksaidi, petroli ambayo haikuungua inageuzwa maji na kaboni dayoksaidi, na oksaidi za naitrojeni zinavunjwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi inaanza pale joto linapofika kama nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Ndiyo maana gari ikiwashwa asubuhi ya baridi inanuka zaidi.

Masega hayazibi yenyewe kwa uzee. Yanazibwa. Plagi ikimisi (ikikosa kuwasha), petroli mbichi inaingia ekzosi na kuungulia ndani ya masega, joto linapita kiwango na kauri inayeyuka. Injini ikila oili, majivu yake yanapaka zile kuta. Gasketi ya silinda hedi ikivujisha maji ya rejeta, vivyo hivyo. Kwa hiyo swali langu kwako: injini yako inamisi? Inakula oili? Ukikata masega bila kujibu hayo, umeondoa aliyeumia na kumwacha aliyemuumiza.

#5 SpanaKumi
Kemia, hayo ya maabara nayaheshimu. Ila mtu ana vitunguu vinaoza barabarani.

#6 Likoni_Feri
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi ninasema hivi: kugonga kwa bisibisi si kipimo. Ukigonga ukasikia kitu kinacheza ndani, hapo unajua kauri imevunjika. Usiposikia kitu, hujajua lolote, maana masega yaliyoyeyuka hayachezi. Fundi wako alisikia nini?

#7 Mbuyuni_Kwetu
Likoni, alisema "inasikika nzito". Mimi sikusikia mchezo wowote.
Kemia, haimisi. Oili inapungua kidogo tu kati ya sevisi na sevisi, na moshi wa bluu sijawahi kuuona.

#8 Nyundo_na_Tindo
Kuna njia ya kupima bila kukata kitu. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, kwenye tundu lake ufunge geji ya presha ndogo. Washa injini ipate moto. Ikiwa imesimama bila kukanyaga, presha isizidi psi (kipimo cha presha) 1 na nusu. Pandisha mzunguko mpaka 2,500 kwa dakika, isizidi psi 3. Ikienda 5, 6, 8, basi njia imeziba na huna haja ya kuuliza tena.

#9 Gerezani_Spea
Nyundo yuko sahihi kwenye namba, ila kuna jambo litakalomkwamisha Mbuyuni. Anaposema fungua sensa, watu wanafikiria ina uzi kama plagi. Toyota nyingi za kipindi kile sensa imekaa kwenye kipande cha bati kilichofungwa kwa nati mbili za 12. Geji ya uzi haitaingia pale. Itabidi uchongeshe kibati chenye matundu mawili na bomba dogo katikati, uweke gasketi yake. Na zile nati zimekaa kwenye moto miaka yote hiyo. Zimwagie dawa ya kutu usiku, asubuhi zifungue injini ikiwa na uvuguvugu. Ukilazimisha, stadi (bolti zinazoshika hizo nati) zitakatika, hapo utahamia kazi nyingine kabisa.

#10 Nyundo_na_Tindo
Sawa Gerezani, asante kwa kunisahihisha. Mimi nilifanya kwenye Nissan.

Asiye na geji ya ekzosi atumie ya vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Shika mzunguko 2,500 bila kutikisa mguu. Mshale ukikaa palepale, ekzosi inapita. Ukianza kushuka taratibu huku mguu wako haujasogea, moshi unarundikana, hauna pa kutokea.

#11 DerevaKitonga
Mimi nampinga kila aliyeongelea masega hapo juu. Kitonga napanda kila wiki. Mwenye uzi anatoka Mbuyuni, bondeni kule kwenye joto, anakwenda Iringa iliyo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata ikiwa mpya. Ukiongeza mzigo na jua la saa nane, lazima ishuke gia. Je, saa za safari zimebadilika? Mzigo ni uleule kwa macho au kwa mizani? Gunia la vitunguu linaloitwa moja linaweza kuwa moja na nusu, lumbesa tunaijua wote.

#12 Mbuyuni_Kwetu
Mkuu wa Kitonga, lumbesa nimeikataa, napakia kwa mizani. Na saa ni zilezile, alfajiri.

#13 DerevaKitonga
Basi nafuta la lumbesa. La mwinuko nabaki nalo.

#14 Chepe_la_Mchanga
Mwinuko haukuongezeka mwaka huu mkuu 😀

#15 Mtaa_wa_Kirinyaga
Niaje watu wangu, Nairobi hapa. Yangu ilikuwa inakataa kupanda kutoka Mai Mahiu, dalili ni hizohizo zako. Mekanika wa kwanza akasema ni masega, tukatoa. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kelele. Wa pili akabadilisha pampu ya mafuta, gari ikaamka siku hiyohiyo. Hata sikudai masega yangu, na yule wa kwanza alikuwa ameshayauza.

Cheki filta ya mafuta na pampu kwanza. Tambarare injini inakunywa kidogo na pampu dhaifu inatosheleza. Mlimani inataka mengi, pampu haifiki, mchanganyiko unakosa petroli, gari inaunguruma tu.

#16 FundiUmemeMagari
Naunga mkono Nairobi kwa nusu. Pampu dhaifu haielezi kwa nini inakunywa mafuta zaidi. Injini inayokosa petroli mlimani si kawaida iwe na kiu tambarare. Vitu vinavyoleta yote mawili kwa pamoja ni sensa ya hewa iliyochafuka, sensa ya oksijeni ya mbele iliyochoka, au ekzosi iliyoziba. Sensa ya oksijeni ikizeeka inakuwa nzito kujibu, kompyuta inaamua bora iongeze petroli. Petroli ikizidi, masega yanapata moto kupita kiasi. Inawezekana kabisa masega yameziba na sensa ndiyo iliyoyaziba.

Kuhusu taa: sensa ya mbele usiiguse kamwe, ndiyo inayopanga mchanganyiko, lengo likiwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ya nyuma, kama ipo, kazi yake ni kukagua masega tu. Ukitoa masega, ya nyuma inaona moshi uleule unaoonwa na ya mbele, na kompyuta ya gari inaandika kodi ya hitilafu P0420. Mafundi wanaidanganya kwa kuipachika kispesa irudi nyuma nje ya mkondo wa moshi. Kwa hiyo kabla ya yote, lala chini uhesabu: una nyaya ngapi kwenye ekzosi, na kila mmoja uko wapi?

#17 Mbuyuni_Kwetu
Nimelala chini sasa hivi kwa tochi ya simu. Sensa moja iko juu karibu na manifoldi, nati mbili kama alivyosema Gerezani. Halafu kuna waya mwingine mwembamba unaingia ubavuni mwa boksi la masega lenyewe, unapanda kupitia tundu la sakafu kuelekea chini ya kiti cha abiria. Hiyo ndiyo ya nyuma?

#18 FundiUmemeMagari
Hapana! Vizuri umeangalia. Hiyo si ya oksijeni, ni ya joto. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya 1990 yalikuwa nayo. Masega yakipata moto kupita kiasi inawasha taa yenye maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, utaiona inawaka na kuzimika pamoja na nyingine.

Upinzani wake wa umeme unashuka joto likipanda. Kwa hiyo anayekata masega na kuuacha waya unaning'inia, siku ukigusa bodi, taa inawaka na watu wanaanza kuhangaika na kitu ambacho hakipo.

Swali muhimu: hiyo taa umewahi kuiona inawaka ukiwa mlimani?

#19 Mbuyuni_Kwetu
Kuna taa yenye maandishi inawaka nikipanda, inazimika nikifika juu. Niliambiwa ni ya mkanda wa kiti.

#20 SpanaKumi
😀😀 Mkanda wa kiti unaolegea mlimani tu! Kata hayo masega mkuu, gari yenyewe imeshakwambia.

#21 Mlimani_Kemia
Spana, taa imesema masega yana moto. Haijasema yameziba. Moto unatoka kwa petroli isiyoungua inayofika pale. Hii inampa nguvu Fundi Umeme kwenye #16, si wewe.

#22 Gerezani_Spea
Na inaweza kuwa waya umechubuka ukagusa bodi gari ikitingishika na mzigo. Taa za namna hii si za kuziamini kwa haraka.

#23 DadaWaTegeta
Ngoja niongelee upande ambao hamjaugusa. Sisi tulikuwa na pikapu dabo kebini, masega yakatolewa kwenye gereji moja, sitaitaja. Kiungo kilichomelewa vibaya, kikaacha ufa chini ya sakafu ya nyuma. Nikawa nikiwachukua watoto shule, tukifika nyumbani wote wanalalamika kichwa, mdogo anataka kutapika. Tukadhani joto, tukadhani chakula. Siku moja nimekaa mimi kiti cha nyuma, kwenye foleni ya Mwenge, ndani ya muda mfupi nikawa nasikia kizunguzungu. Tukafungua madirisha yote. Kesho yake fundi mwingine akapandisha gari, akazungushia maji ya sabuni kwenye viungo, pale palipochomelewa povu likatoka bila kukoma.

Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Masega yakiwepo na yakifanya kazi, sehemu kubwa yake inauawa kabla haijafika nyuma. Yakitolewa, kila ufa wa bomba unakuwa hatari zaidi. Kwa hiyo yeyote atakayekata, asimlipe fundi kabla hajaona maji ya sabuni kwenye kila kiungo, injini ikiunguruma na mtu ameziba kidogo bomba la nyuma kwa kitambaa kinene.

#24 Tairi_Kipara
Pole sana dada. Hili la sabuni nalichukua.

#25 Likoni_Feri
Pole dada yangu, Mungu aliwakinga.

#26 SpanaKumi
Pole sana dada, hili ni la kweli na nakubaliana nawe kwa kila neno. Kuchomelea ekzosi chini ya kebini si kazi ya kumwachia mwanafunzi. Mimi natumia flenji na gasketi, na nachomelea mzunguko mzima, sipigi nukta nukta.

#27 Bandarini_Tanga
Nina lingine. Injini si inahitaji presha ya nyuma? Nimeambiwa ukitoa masega injini inapoteza nguvu ya chini, ile ya kuondokea na mzigo. Bomba tupu linafaa gari za mbio tu.

#28 Nyundo_na_Tindo
Hii imeenea sana. Hakuna injini ya mipigo minne inayohitaji kuzibwa. Inachohitaji ni kasi ya moshi ndani ya bomba. Moshi ukikimbia kwenye bomba la kipenyo sahihi, unavuta nyuma yake mabaki ya silinda, na hewa mpya inaingia vizuri. Ukiweka bomba nene kuliko la kiwandani, moshi unapoa na kupunguza mwendo, mvuto unapungua, ndipo watu wanahisi nguvu ya chini imekwenda. Wanasema ni presha imetoka, kumbe ni bomba limekuwa pana. Weka kipenyo kilekile.

#29 Bandarini_Tanga
Sijaridhika. Yangu kipenyo kilibaki kilekile, na kuondoka mlimani kumekuwa kugumu.

#30 Nyundo_na_Tindo
Walikata boksi zima au walitoboa kauri wakarudisha ganda?

#31 Bandarini_Tanga
Walitoboa kwa nondo wakarudisha ganda.

#32 Nyundo_na_Tindo
Ndiyo hiyo. Ganda tupu ni chumba kipana katikati ya bomba jembamba. Moshi unaingia unatawanyika, halafu unatafuta mlango wa kutokea.

#33 Gerezani_Spea
Mimi nimeona nyingi zilizotobolewa na zinakwenda vizuri tu, kwa hiyo hilo la chumba sina hakika kama linaonekana kwenye gari la mizigo. Ila na wanaotoboa wafunge pua na mdomo. Vumbi la ile kauri, na ule mkeka wa nyuzi unaoizunguka, si kitu cha kuvuta kifuani. Vijana wanapiga nondo uso ukiwa juu ya tundu, hii inaniuma kila nikiiona.

#34 Mtembeza_Wageni
Kuna sababu nyingine ya kutoa ambayo watu wa mjini hawaijui. Ukiegesha gari lenye masega juu ya nyasi kavu baada ya mwendo mrefu, zinawaka. Kiangazi porini hili ni jambo la kuliogopa kweli, nyasi zinajikusanya juu ya kinga ya bati na moto unaanzia pale.

#35 Chepe_la_Mchanga
Lakini bomba tupu nalo si linachoma? Dawa ni kusafisha chini na kuhakikisha ile kinga ya bati ipo. Mafundi wengi wakiifungua hawairudishi.

#36 Mtembeza_Wageni
Linachoma, ila si sawa na boksi la masega likiwa limechemka. Na kuhusu kinga umesema kweli, nyingi hazipo.

#37 Mswahili_wa_California
Wakuu, nawasoma kutoka Marekani. Huku kuyatoa ni kosa kwa sheria ya shirikisho ya hewa safi, haijalishi gari ni kuukuu kiasi gani. Masega yalianza kuwekwa kwenye magari ya hapa mwaka 1975. California magari mengi ya petroli ya 1976 kuja huku yanapimwa moshi kila baada ya miaka miwili, na mpimaji anaangalia kwa macho kama masega yapo. Hayapo, huongezewi usajili.

Shida yetu huku ni wizi. Rodiamu ilipopita dola 25,000 kwa aunsi mwaka 2021, watu waliingia chini ya magari usiku na msumeno. Prius ndizo zilizoliwa zaidi. Kwa hiyo mkuu Mbuyuni, fundi anaposema "masega nitayachukua mimi", jua anachukua kitu chenye soko.

#38 Mtaa_wa_Kirinyaga
Huku pia wanunuzi wanapita gereji kwa gereji. Ya kiwandani ya Kijapani wanalipa vizuri, zile za bei poa za kuchomelea wanakataa kwa sababu hazina madini ya maana.

#39 Bandarini_Tanga
Kwani kisheria hapa kwetu ikoje? Nimewahi kupimwa breki na taa, moshi sijawahi.

#40 Mlimani_Kemia
Tanzania kuna kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Kenya nao wana zao. Zote zinagusa moshi wa magari. Kupimwa barabarani ndiko hakujawa kawaida, kwa hiyo watu wanadhani hakuna sheria.

Na niseme lingine, maana kuna anayefikiri masega hayana maana Afrika. Zamani ilikuwa na sababu: petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi inaua masega. Ndiyo maana magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Afrika yalikuja bila masega kabisa. Risasi ilitoka kwenye petroli kusini mwa Sahara kuanzia mwaka 2006. Sasa hatuna kisingizio hicho. Watoto wa Mbagala na Kimara wanakaa kwenye foleni wakivuta moshi wa magari yaliyokatwa masega kwa mamia. Naomba tulifikirie hilo pia, si mlima tu.

#41 SpanaKumi
Kemia, hapo umenigusa, lakini jibu basi hili: masega mapya ya kiwandani ya gari kama hii bei yake inakaribia kumfanya mtu auze gari. Yaliyotumika toka Japani hujui yamebaki na uhai gani. Mwenye vitunguu afanye nini?

#42 Mlimani_Kemia
Kwanza apime. Yakiwa mazima hana haja ya kununua chochote.

#43 Kisekka_Boda
Kampala hapa, habari zenu. Niliweka yale ya bei nafuu ya kuchomelea, ya chuma badala ya kauri. Yalisaidia harufu, moshi haukati macho tena nikiwa naegesha. Yatadumu kiasi gani sijui. Na wenye dizeli msichanganyikiwe na uzi huu: Hilux za 2L, 3L, 5L za zamani hazina kitu hiki. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi, hiyo ni mada nyingine kabisa.

#44 Tairi_Kipara
Kumbe! Yangu ni 3L. Siku zote natafuta masega chini ya gari.

#45 Chepe_la_Mchanga
😀 Tairi_Kipara na umekaa hapa mbele tangu #3! Angalia nozeli na eya kleana mkuu.

#46 Mbuyuni_Kwetu
Narudi na majibu wakuu, nawashukuru wote.

Nilichongesha kibati kama alivyoelekeza Gerezani. Nati moja ilifunguka, ya pili ilikatika na stadi yake, fundi akachomelea nati mpya juu ya kisiki tukakitoa. Geji ikafungwa. Gari ikiwa imesimama, mshale hata haunyanyuki vizuri. Kwa 2,500 ulisimama kwenye psi 2 na kidogo. Tulirudia injini ikiwa moto kabisa, palepale.

Sensa yenyewe ilitoka nyeusi tii, na masizi makavu. Filta ya mafuta nayo nimebadilisha, ile ya zamani nilipoigeuza imetoa petroli ya rangi ya chai. Nimepanda Kitonga jana na mzigo: nafuu ipo, ila si kama zamani. Gia ya tatu inashika pale chini, halafu inaniacha kwenye kona za juu. Taa ya Kijapani iliwaka, ila imechelewa kuwaka.

#47 Nyundo_na_Tindo
Psi 2 kwa 2,500 ni ndani ya kiwango. Masega yako yanapita. Usikate.

#48 SpanaKumi
Sikubali. Hiyo ni gari imesimama, haina mzigo. Moshi wa injini isiyovuta kitu ni mdogo. Funga geji, ivute ndani ya kebini kwa mpira mrefu, panda nayo Kitonga uone mshale. Nimekuta kauri iliyoachana na ganda lake: ukiwa umeegesha imekaa sawa, ukikanyaga inasukumwa inalala kwenye mlango wa kutokea.

#49 Likoni_Feri
Ingelala ungeisikia inagonga unapoachia mafuta. Yeye alisema hakuna mchezo.

#50 SpanaKumi
Si lazima isikike, kelele za barabara ni nyingi.

#51 FundiUmemeMagari
Sensa nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli inazidi. Hiyo inatosha kuchemsha masega na kuwasha taa. Mimi nabaki hapo: badilisha sensa ya mbele, safisha waya wa sensa ya hewa kwa dawa yake, usiuguse kwa kidole wala kitambaa.

#52 Mtaa_wa_Kirinyaga
Na petroli ya rangi ya chai maana yake tangi lina uchafu, kichujio cha pampu mle ndani kimejaa. Nafuu aliyoipata imetoka kwenye filta, si kwenye sensa. Mimi bado niko kwenye pampu.

#53 DerevaKitonga
Inashika chini inaachia juu. Nilisema nini kuhusu mwinuko?

#54 Gerezani_Spea
Hakuna aliyeuliza klachi. Ukikanyaga inaunguruma bila kusogea, na inakunywa mafuta. Mshale wa mizunguko unapanda huku spidi imebaki palepale? Ukipanda, hayo yote ya ekzosi hayahusiki, ni sahani inateleza.

#55 Mbuyuni_Kwetu
Mizunguko nayo inagoma kupanda, Gerezani. Klachi nilibadilisha mwaka jana. Nyie mnanichanganya lakini mnanisaidia 🙏

Masega siyakati kwanza. Fundi wangu kanuna, nimemwambia akinionyesha mshale umepita 3 na mzigo mgongoni, tutakata pamoja.

#56 Nyundo_na_Tindo
Pima presha ya mafuta basi, uwatenganishe Nairobi na Fundi Umeme. Kwa 3RZ, ukichomoa kile kipira cha vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), inatakiwa isome kati ya psi 38 na 44. Ishikilie hivyohivyo ukiwa unapiga resi. Ikidondoka, ni pampu au kichujio. Ikikaa, nenda kwenye sensa.

#57 Mbuyuni_Kwetu
Geji ya presha ya mafuta Iringa nitaipata wapi? Niliyochongeshea ya ekzosi inaishia psi 15.

#58 Kalenga_Fundi
Ninayo, niko Ipogolo, jirani na stendi. Njoo asubuhi kabla injini haijapata moto, na uje na tangi lisilojaa sana, kama tutalazimika kushusha pampu. Ya mpira wa kuvuta mpaka kebini pia ninayo, Spana apate majibu yake.

#59 SpanaKumi
Nausubiri huo mshale. Piga video.

#60 Mbuyuni_Kwetu
Nashukuru sana mkuu Kalenga. Nashusha vitunguu Alhamisi, Ijumaa asubuhi niko kwako.

#61 DadaWaTegeta
Na mkishamaliza kurudisha hiyo sensa, maji ya sabuni kwenye kile kiungo tafadhali. Ile stadi iliyokatika ndiyo ninayoiwazia.